Njia ya Kwenda kwa Mkubwa

Fundi alikuwa na banda nyuma ya kituo kikuu cha mabasi, kati ya duka la betri na kijiwe cha waziba pancha. Kazi yake ilikuwa kushona viti. Mabasi ya masafa marefu yaliletwa kwake yakiwa hoi, viti vimepasuka na sponji inachungulia nje, naye aliyarudisha barabarani yakinukia gundi. Akitazama kiti tu, alijua kama waliokikalia walikuwa watu wa kulala au watu wa kugeukageuka. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya pale taa za mji zinapoishia. Watu walipanda, wakaondoka, wakarudi na vumbi la huko walikotoka, yeye akabaki na sindano yake.

Aliishi na bibi yake, mzaa mama, katika vyumba viwili vya kupanga karibu na banda. Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo, na alikuwa na pacha. Huyo pacha alimtangulia kutoka tumboni kwa muda wa kufumba na kufumbua, basi maisha yote akaitwa Mkubwa, na Bibi akaitwa Mdogo, na Bibi hakuwahi kulisamehe jambo hilo.

Mkubwa aliolewa na mwashi angali msichana. Mwashi akapata kazi ya kujenga katika jiji la nchi ya jirani, huko mbali kabisa, na wawili hao wakapanda juu ya lori la saruji wakaenda zao. Hakurudi. Kwanza mpaka ulifungwa kwa miaka kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Ulipofunguliwa, huku na huko palikuwa na watoto wa kulea, wagonjwa wa kuuguza na mifuko mitupu. Kisha zikaja simu, na tangu hapo pacha hao walizungumza kila Jumapili, Mkubwa akitumia simu ya mjukuu wake, Bibi akitumia ya Fundi. Waligombana kuhusu mambo ya utotoni kana kwamba yalitokea jana.

Jumapili moja hawakugombana. Bibi alisikiliza kwa muda mrefu, akamrudishia Fundi simu, akashika tama.

"Kuna nini, Bibi?"

"Anasema amesahau uso wangu. Anasema anajitazama kwenye kioo ili anikumbuke, lakini anakiona kizee tu, hajui ni nani." Bibi akamkazia Fundi macho. "Nipeleke kwa Mkubwa."

Fundi hakubisha. Kesho yake akaanza kuulizia njia, na kwa sababu banda lake lilikuwa mahali pa watu wa safari, kila mtu akawa na la kusema.

Wa kwanza alikuwa Upepo, dereva wa basi la kuvuka mpaka, aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyoendesha. "Kwani unauliza nini, Fundi? Basi! Unapanda hapa, unashuka mjini kwao. Hakuna kubadilisha, hakuna kubeba mizigo mgongoni. Na nauli ni ya watu kama sisi."

"Na bibi yangu akitaka kujisaidia?"

"Tunasimama."

"Wapi?"

Upepo akakuna kichwa. "Tunasimama tukisimama."

Siku hiyo basi la Upepo lilikuwa mbele ya banda kwa ajili ya viti vya nyuma. Fundi akamleta Bibi, akampandisha, akamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akamwambia akae hapo mpaka amalize kazi. Bibi alikaa. Alisimulia habari za majirani wote, akasinzia, akaamka. Aliposhuka, miguu ilikuwa imevimba kama mikate, na basi halikuwa limesogea hata kidogo.

"Viti vyako ni vizuri, mke mwenzangu," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake huyu wa kike kwa utani tangu utotoni. "Lakini magoti yangu hayajui ushonaji."

Mwenye duka la tiketi za ndege ng'ambo ya barabara, dada mmoja mpole mwenye miwani, alifungua kompyuta akapekua. Ndege zilikuwepo, tena siku hizi nyingine zilikuwa za bei ya chini. Bei yenyewe ilikuwa ya kuvutia mpaka ulipoanza kuuliza. Begi lilikuwa na bei yake. Tarehe haikubadilishwa hata ukifiwa. Na ndege yenyewe ilipitia kwanza nchi ya tatu, ambako mngesubiri kwenye viti vya chuma mpaka ije nyingine. Fundi alipojumlisha yote, aliona ingembidi auze cherehani, na labda banda pia.

Hata hivyo alikuwa tayari kukopa. Bibi ndiye aliyekataa.

"Huko juu nitaona nini?"

"Mawingu, Bibi. Na utafika haraka."

"Mawingu yapo hapa. Sitaki kufika haraka. Nataka kuona huyu mtu alikwenda wapi."

Mzee Tani, dereva wa lori ambaye Fundi alimshonea godoro la kulalia njiani, alijitolea kuwachukua bure, kwa heshima. Bibi akaenda kuliangalia lori. Ngazi ya kupandia ilianzia kwenye kifua chake. Akamshukuru sana Mzee Tani, akarudi nyumbani anacheka mpaka machozi.

Ikabaki treni, ambayo watu waliitaja kwa kuidharau, kama mjomba asiye na kazi. Ilikuwa polepole, ikisimama kila penye nyumba tatu. Iliishia mpakani, na hapo ungevuka kwa miguu, utafute basi la upande wa pili na usafiri nusu siku tena. Lakini nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya basi, na ilikuwa na vitanda vya kulala, choo, na nafasi ya kunyoosha miguu. Fundi akatazama magoti ya Bibi, akakata tiketi mbili za vitanda. Akawatumia ndugu wa huko ujumbe kwamba wanakuja kwa treni mpaka mpakani, kisha basi, na binamu yake, mjukuu wa Mkubwa, akajibu kwamba atawapokea kituoni mjini kwao.

Treni iliondoka asubuhi. Mwanzoni walipita migongoni mwa nyumba, kwenye kamba za nguo na matangi ya maji, mahali ambapo mji hauvai vizuri kwa sababu haukutegemea wageni. Kisha yakaja mashamba. Kisha mashamba yakaisha, na Fundi akaanza kuona kitu ambacho hakuwa na neno lake.

Ulikuwa uwanda. Majani ya rangi ya shaba yalikwenda mpaka macho yanapochoka, na juu yake mbingu ilikuwa kubwa hivi kwamba mvua ilikuwa inanyesha mahali pamoja, jua linawaka mahali pengine, na upinde umesimama katikati, vyote kwa wakati mmoja, na bado nafasi ilibaki. Maisha yake yote Fundi alipima vitu kwa futi kamba: kiti, mgongo wa kiti, mlango wa banda. Mikono yake ikatafuta cha kushika, ikakosa. Alisimama dirishani mdomo wazi. Treni ilikwenda na kwenda, jua likapanda na kuanza kushuka, na nje palikuwa palepale, kana kwamba walikuwa wamesimama na dunia ndiyo inayojivuta chini yao taratibu.

Jioni wakafika kwenye bonde. Hakuna aliyewaambia. Ardhi iliachana tu, na treni ikatokea hewani juu ya daraja la chuma. Chini, mbali sana, mto ulikuwa mwembamba kama uzi uliomponyoka mtu, na ndege weupe walikuwa wakiruka chini yao. Fundi hakuwahi kuutazama mgongo wa ndege anayeruka. Watu wote wa behewa wakasogea madirishani, hata waliopita hapo mara nyingi. Mhudumu wa behewa, aliyekuwa akigawa mashuka, alisimama na shuka mkononi mpaka walipovuka.

"Mke mwenzangu," Bibi aliita kwa sauti ndogo.

"Naam, Bibi."

"Haya yote yalikuwa hapa?"

"Yalikuwa hapa."

"Siku zote? Wakati mimi niko jikoni nagombana na jiko?"

"Siku zote, Bibi."

Bibi akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Aliposema tena, hakuwa akiongea na Fundi hasa.

"Alipita huku juu ya mifuko ya saruji. Msichana vile. Alikuwa anaogopa hata kwenda kisimani peke yake, mimi ndiye nilikuwa namsindikiza." Akafuta kioo kwa kiganja, ingawa ukungu ulikuwa machoni mwake. "Mimi nilikuwa nasema hataki kuja. Kila Jumapili namwambia, wewe una kiburi, ungetaka ungekuja. Sauti yake iko hapa, sikioni kabisa, basi nikadhani na yeye mwenyewe yuko hapo nyuma ya ukuta. Kumbe yuko huku! Na bado hatujafika!"

Fundi akasogea karibu. Akamvua Bibi viatu, akamnyanyua miguu, akaiweka mapajani mwake, na wote wawili wakatazama nje mpaka giza lilipofunga.

Asubuhi, kadiri mpaka ulivyokaribia, mtandao ulirudi na simu ya Fundi ikaita. Alikuwa binamu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Fundi, Bibi Mkubwa hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Tangu juzi. Tulidhani yuko kwa jirani. Kachukua mkoba na sweta, hakuaga mtu. Tumezunguka hospitali zote. Polisi wamechukua maelezo. Sijui niseme nini."

Fundi alitoka akasimama kwenye korido. Kupitia mlango alimwona Bibi amekaa kitandani akichana nywele zake nyeupe kwa uangalifu, kama binti anayekwenda kuonwa na wakwe.

"Usimpigie mtu mwingine," alinong'ona. "Mimi nitamwambia. Nipe muda."

Lakini hakumwambia. Kila alipofungua mdomo, Bibi alimtangulia kwa kitu: unadhani amenenepa? Unadhani atanijua? Ikawa hivyo mpaka treni ikapiga breki kwa mara ya mwisho na watu wakaanza kushusha mizigo kupitia madirishani.

Mpaka ulikuwa uwanja mrefu wa lami. Malori yalipanga foleni mpaka yakapotea machoni. Upande wa kwanza ofisa aligonga muhuri kwenye pasipoti zao mpya bila hata kuwatazama, kisha wakaambiwa waende kwa miguu mpaka jengo la pili, la buluu. Bibi alikwenda polepole akitazama chini.

"Mpaka wenyewe uko wapi?" alimwuliza mlinzi.

"Umeukanyaga, mama."

Bibi akainua mguu, akatazama chini ya kiatu. Palikuwa na lami na kizibo cha soda. Akamtazama mlinzi kuona kama anataniwa, akaona hataniwi. Akatikisa kichwa. "Hiki ndicho kilichotuzuia miaka yote ile," alisema, akavuka.

Ndani ya jengo la buluu palikuwa na ofisa kijana mnene nyuma ya kioo. Alipomwona Bibi, alisimama. Uso wake ulikuwa umejaa lawama.

"Bibi! Tumekubaliana nini mimi na wewe?"

Bibi akageuka nyuma kuona anayeambiwa.

"Wewe, wewe! Si nimekwambia ukae kwenye benchi? Nimekununulia chai, nimekupa na blanketi langu, ukaniahidi hutavuka. Sasa umefikaje upande ule? Huna hata karatasi!"

"Baba, nimekuja na treni," Bibi alisema kwa heshima. "Na karatasi hii hapa."

Ofisa aliipokea pasipoti. Akatazama picha, akamtazama Bibi, akatazama jina la mahali alipozaliwa. Fundi aliona ile lawama ikitoka usoni mwake kidogo kidogo, na mahali pake pakaja kitu kingine, macho yakamtoka.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe ni kweli. Tulidhani amechanganyikiwa."

"Nani?" Fundi aliuliza. "Nani amechanganyikiwa?"

"Kuna bibi amekaa hapa nje tangu juzi. Kila treni ikifika anasimama mlangoni, anawauliza watu, mmeniona mimi? Anasema hivyo hivyo: mmeniona mimi huko mlikotoka? Tukamwuliza simu ya nyumbani, hana. Tukamwuliza anakaa wapi, anasema hataki kurudishwa, yeye anasubiri. Leo tulitaka kuita watu wa ustawi wa jamii." Alikwisha toka nyuma ya kioo, muhuri bado mkononi. "Njooni. Njooni!"

Benchi lilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri, na kikombe. Ofisa alizungusha shingo huku na huko, na abiria waliokuwa kwenye foleni nao wakaanza kutafuta bila kujua wanatafuta nini.

Kisha mlango wa choo ukafunguliwa, na Bibi akatoka.

Hivyo ndivyo Fundi alivyoona, na baadaye, kila aliposimulia, hakuweza kusema vingine. Bibi alikuwa ameshikwa mkono na yeye, na Bibi alikuwa akitoka chooni akikausha uso kwa mtandio. Mabega yaleyale, ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto, ile namna ya kuuma mdomo wa chini. Miaka hamsini na zaidi ya jua la nchi mbili, vyakula vya nchi mbili, vilio vya nchi mbili, vikachonga uso mmoja. Mama mmoja kwenye foleni alijishika kifua. Mtu mmoja akavua kofia.

Yule wa mlangoni alisimama. Mtandio ukamwanguka.

Hawakukimbia, hakuna aliyekuwa na magoti ya kukimbilia. Walisogeleana polepole, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa hofu kidogo, mpaka wakafika umbali wa mkono. Mkubwa ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Alimgusa Bibi shavuni, halafu akajigusa shavu lake mwenyewe, halafu tena la Bibi.

"Umezeeka," alisema.

"Wewe je?" Bibi akajibu. "Nani kakwambia utoke nyumbani peke yako? Watu wako lazima wanakutafuta, ndiyo maana huyu mjukuu wangu tangu asubuhi uso umemshuka, anadhani sioni."

"Nilikaa pale nikaona siwezi. Wamesema utashuka kituoni, nikupokee kama mgeni. Mgeni gani? Nikapanda basi nikaja."

"Mbali vile!"

"Mbali vile."

"Mkubwa," Bibi alisema, na sauti ikamkatika, "mimi sikujua. Sikujua kama ni mbali hivi. Nisamehe yale maneno ya Jumapili."

Mkubwa akamvuta kifuani. Wakalia kwa sauti moja, na Fundi, aliyelelewa na kile kilio, hakuweza kutofautisha ni kipi cha nani. Ofisa aligeukia ukutani akajifanya anasoma tangazo. Foleni ilisubiri, na katika foleni ile ya watu wenye haraka zao na mizigo yao, hakuna aliyenung'unika.

Fundi alimpigia binamu. Alijaribu kueleza, akashindwa, akaishia kuwapelekea simu wale wawili ili asikie mwenyewe. Binamu alisikia vikongwe viwili vikibishana ni nani aliyekuwa akimsindikiza mwenzake kisimani, akaanza kucheka na kulia papo hapo.

Basi la kwenda mjini kwao liliondoka mchana. Ofisa ndiye aliyewatafutia viti vya mbele, na kabla basi halijaondoka alikuja dirishani akaomba awapige picha, la sivyo nyumbani kwake wangesema anatia chumvi. Njiani Mkubwa alimwonyesha Bibi kila kitu kana kwamba yeye ndiye aliyekipanda: huu mlima, huyu mti, lile ziwa. Walisimama kila Bibi alipotaka. Mkubwa alikuwa amekwisha mwambia dereva kwamba yeye ndiye mama yake kuanzia leo, na dereva, kwa kuwatazama tu kwenye kioo, aliona heri akubali.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika juu ya kilima cha mwisho. Jiji likafunguka lote chini yao. Lilijaza bonde kutoka ukuta mmoja wa milima mpaka mwingine, paa juu ya paa, madirisha elfu na maelfu yakirudisha mwanga wa jioni mpaka likaonekana kama linapumua. Fundi aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha mbele yake na kwa mara ya kwanza hakufikiria kimeshonwa na nani.

Bibi akalitazama kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kisha akauliza, "Nyumba yako ni ipi?"

"Ile pale," Mkubwa alisema, akinyoosha kidole kwenye paa zile zisizo na hesabu.

Bibi alifuata kile kidole. Akakaza macho, akasogea mbele mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Nimeiona," alisema.